Kipimo cha Geiger Hakilii, Kinalia Hovyo, au Kinadanganya: Uanzie Wapi

Vipima mionzi vidogo vyenye tyubu ya Geiger vimeenea siku hizi. Vipo kwenye maabara za sekondari Moshi, kwenye meza za mafundi wa redio Arusha mjini, kwa madalali wa mawe, hata kwenye baadhi ya yadi za vyuma chakavu. Malalamiko nayo yanajirudia: hakilii, kinalia bila kukoma, jana kilisema 20 leo kinasema 38, cha kwangu na cha mwenzangu havikubaliani. Mara nyingi tyubu ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye betri, kwenye uchafu juu ya bodi, au kwa mtu aliyehesabu dakika moja akaishika kama hukumu ya mahakama.

Isipokuwa hali moja. Kama ulikuwa unasogelea kitu, kipimo kikaongeza kasi, kisha kikanyamaza ghafla, usikipige kofi wala usikifungue. Rudi ulikotoka, mita 30 au zaidi, ndipo usome sehemu ya mwisho hapa chini.

Kwanza ijue namba ya nyumbani kwako

Tyubu ya Geiger ni mrija wenye gesi ya shinikizo dogo na waya mwembamba katikati. Kati ya waya na ukuta wa mrija kuna volti 400 hivi. Mwonzi mmoja ukipenya, gesi inapitisha umeme kwa kitambo kidogo sana, na hilo ndilo pigo unalolisikia. Pigo halisemi mwonzi umetoka wapi wala ulikuwa na nguvu kiasi gani. Ni kama kuhesabu matone ya mvua kwa sauti yake juu ya bati: unajua yameanguka mangapi, hujui lipi lilikuwa kubwa.

Ndiyo maana namba ya kweli ya kipimo hiki ni idadi ya mapigo kwa dakika, ambayo kwenye kioo huandikwa CPM. Mikrosieverti kwa saa (µSv/h), yaani makadirio ya mionzi inayoufikia mwili, ni hesabu tu: programu imechukua mapigo ikazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Bekereli ni jambo jingine kabisa. Bekereli 1 ni kiini kimoja cha atomu kuvunjika kwa sekunde moja, na hiyo ni sifa ya kitu chenyewe, si ya kipimo. Anayeshika kipimo juu ya gunia akasema "lina bekereli kadhaa" amekisia.

Weka kipimo mezani, mita 1 kutoka sakafuni, katika chumba unachokitumia kila siku. Hesabu dakika 10, ugawe kwa 10. Rudia asubuhi, mchana na usiku, siku isiyo na mvua. Tyubu ya kirusi ya SBM-20, ambayo ni ya kawaida sana, kwa mionzi ya asili hutoa mapigo kama 15 hadi 35 kwa dakika. Wastani utakaoupata uandike kwa kalamu ya wino ubavuni mwa kipimo. Yote yanayofuata yanalinganishwa na namba hiyo. Asiyekuwa nayo hana anachopima.

"Kimewaka, lakini hakilii hata mara moja"

Ipe dakika mbili kamili kabla ya kulalamika. Mapigo 20 kwa dakika maana yake ni pigo moja kila sekunde tatu kwa wastani, na kimya cha sekunde kumi au zaidi hutokea chenyewe mara kwa mara.

Betri ndiyo mshukiwa wa kwanza, tena kwa mbali. Ipime kipimo kikiwa kimewashwa, si ikiwa nje. Betri ya volti 9 inayosoma 8.4 ikiwa mkononi inaweza kuanguka hadi 6 mara tu saketi inapoanza kuvuta, na hapo volti ya tyubu haifiki inapotakiwa. Kioo kitawaka vizuri, taa itawaka, na hakuna pigo litakalokuja. Kama betri za AA zimevuja, ule unga mweupe kwenye springi usugue kwa pamba yenye siki kidogo, fuatisha spiriti, kisha acha pakauke.

Baadaye angalia kama ni sauti tu iliyozimwa. Kama namba kwenye kioo inatembea, tyubu inafanya kazi na tatizo ni spika au kitufe chake.

Kisha mguso wa tyubu. Kwenye vifaa vya kujiunganishia vinavyoagizwa mtandaoni, tyubu hukaa kwenye vishikio kama vya fyuzi. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi huingia humo, na vishikio hulegea kwa safari. Zima, toa betri, ngoja dakika mbili, chomoa tyubu taratibu, futa ncha zake kwa spiriti, bana vishikio kidogo kwa koleo, rudisha. Alama ya + kwenye tyubu ielekee upande wa + wa bodi. SBM-20 ikigeuzwa huhesabu vibaya. Na usiunge waya kwa lehemu moja kwa moja kwenye ncha za tyubu. Joto la chuma cha lehemu hupasua muunganiko wa kioo na chuma, gesi inatoka, na tyubu iliyopoteza gesi hairudi.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa pima volti ya juu. Hapa mafundi wengi hujikwaa. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10, nyingine 1 tu. Ukiigusisha kwenye laini ya volti 400, ile ya megaomu 10 inataka mikroampea 40, na saketi hizi ndogo nyingi hazina uwezo wa kutoa hata hizo. Volti inaporomoka, unasoma 150 au 200, unaamua kwamba saketi ni mbovu na kuanza kubadilisha vipuri vizima. Kumbe kilichoiangusha ni mita yako.

Dawa yake ni rahisi. Unganisha rezista kumi za megaomu 100 kwa mfululizo, zifunike kwa plastiki, ziweke kati ya ncha nyekundu ya multimita na laini ya volti ya juu. Kwa multimita ya megaomu 10, zidisha unachosoma kwa 101: ukiona volti 3.96, laini ina 400. Zikikosekana, kumi za megaomu 10 zinasaidia, unazidisha kwa 11, lakini bado zinavuta kidogo na namba itakuwa chini ya ukweli. SBM-20 inataka volti 350 hadi 475, na 400 ndiyo mahali pake. Tyubu ya kioo ya J305 inataka 380 hivi. Chini ya hapo, angalia tena betri, kisha koili na transista ya kupandishia volti. Juu ya hapo, soma sehemu inayofuata kabla ya kugusa chochote.

Tyubu kufa ni sababu ya mwisho, na njia ya uhakika ya kujua ni kuweka nyingine ya aina ile ile. SBM-20 imetengenezwa kuhimili mapigo yasiyopungua bilioni 20. Kwa mapigo 25 kwa dakika haitakwisha uhai wako wala wa wajukuu. Ikifa, imepigwa, imeangushwa, au imelehemiwa.

*Simama hapa* kama wewe si fundi wa umeme na kifuniko kinahitaji kufunguliwa huku betri imo. Mkondo ni mdogo, lakini kapasita za volti ya juu hubaki na chaji baada ya kuzima, na mshtuko wake humfanya mtu atupe kifaa au ajigonge. Wanafunzi wasipewe kazi hii.

"Kinalia mfululizo, namba inapanda hadi maelfu"

Kabla ya hofu, fanya jaribio la hatua tatu: tembea na kipimo mita 3, kisha mita 6, kisha toka nje ya jengo. Mionzi halisi kutoka kwenye kitu kidogo hupungua haraka kwa umbali. Ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Mara tatu, inabaki moja ya tisa. Kama kelele inakufuata vile vile popote uendapo, umebeba tatizo mkononi.

Mwanga wa jua huwakamata wengi. Tyubu za kioo kitupu kama J305 zinaathiriwa na jua, kwa kuwa mwanga wenye nguvu hung'oa elektroni kwenye ukuta wa ndani na kipimo kinazihesabu kama mionzi. Funika tyubu kwa kiganja. Namba ikishuka papo hapo, izungushie mpira mweusi wa kubana kwa joto au utepe mweusi wa fundi umeme, mambo yamekwisha. SBM-20 ni ya chuma, haina shida hii.

Simu ya mkononi ni ya pili. Ikilazwa kando ya kipimo wakati inatafuta mtandao, waya wa tyubu unageuka antena. Redio za upepo za waongoza watalii zinafanya hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi. Sogeza simu mita 2 uone. Hapa pia ndipo inapozaliwa ile habari ya "mnara wa simu una mionzi, kipimo kimelia". Mawimbi ya mnara hayavunji atomu na tyubu ya Geiger haikuundwa kuyapima; kilicholia ni saketi isiyo na kinga. Vifaa vinavyouzwa kwa bei ndogo kama "kipima mionzi" cha simu na mikrowevu navyo havioni hata kidogo mionzi ya vitu vyenye unururifu, yaani vile ambavyo atomu zake huvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa.

Chaja ya bei rahisi au inveta ya sola hutia kelele kwenye laini. Chomoa, tumia betri peke yake, ulinganishe.

Halafu unyevu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hasa kwenye majengo ya Moshi yasiyopata hewa, bodi hushika unyevu, na volti 400 hupenya juu ya uchafu na alama za vidole. Ukitazama gizani unaweza kuona cheche ndogo ya buluu karibu na mguu wa kapasita, au kusikia mlio mwembamba kama wa mbu. Zima, toa betri, sugua eneo la volti ya juu kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, ikibidi kuitumia ngoja siku nzima ikauke. Ukishamaliza usiguse tena kwa vidole. Rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, hulinda sehemu hiyo vizuri. Usiipake kwenye vishikio vya tyubu.

Volti iliyozidi nayo ipo, kwa kawaida baada ya mtu kuzungusha kile kiskrubu kidogo cha kurekebisha "ili kiwe na nguvu". Tyubu ina eneo tambarare ambalo volti ikibadilika kidogo mapigo hayabadiliki sana. Ukivuka juu yake, gesi haizimiki baada ya pigo, inaendelea kupitisha umeme, na tyubu inajila yenyewe. Zima mara moja. Rudisha kiskrubu kwa kupima kwa njia ya rezista, si kwa kusikiliza.

Mwisho, na ni nadra, kipimo chenyewe kimechafuka: vumbi lenye unururifu limeshika kwenye kasha. Futa nje kwa karatasi yenye maji na sabuni, weka karatasi hiyo kwenye mfuko, hesabu dakika 10 kipimo kikiwa mbali nayo. Namba ikirudi nyumbani, uchafu uko kwenye karatasi. Usiitupe, funga mfuko na uripoti.

"Kila dakika namba tofauti"

Si ubovu. Viini vya atomu havivunjiki kwa zamu. Ukihesabu mapigo N, yumbo la kawaida ni kipeuo cha pili cha N. Mapigo 25 huyumba kwa 5, yaani asilimia 20. 100 huyumba kwa 10. 1,000 kwa 32 hivi, asilimia 3. Kwa hiyo 18, 31, 22, 27 katika dakika nne zinazofuatana ni chumba kile kile kisichobadilika. Cha kutilia shaka ni kipimo kinachotoa 24, 24, 24.

Unapotaka kujua kama kitu kina mionzi kuliko chumba, hesabu dakika 10 bila kitu, dakika 10 nacho, toa moja kwa nyingine. Tofauti ikizidi mara tatu ya kipeuo cha pili cha jumla ya mapigo yote mawili, ichukulie kwa uzito. Mfano: 240 bila, 275 nacho. Tofauti ni 35, jumla 515, kipeuo chake karibu 23, mara tatu 68. Hujaona kitu. Lakini 240 na 330: tofauti 90, mpaka ni 72 hivi. Hapo kuna jambo. Huna hakika? Ongeza muda. Kuongeza muda hakuna gharama, na kunaponya malumbano mengi ya maabara za shule.

"Kimepanda kweli, nimehesabu vizuri, sasa?"

Kama ni mara moja na nusu hadi mara tatu ya namba ya nyumbani, fikiria asili kwanza.

*Mvua.* Hii ndiyo simu ya kila masika. Ardhi hutoa gesi ya radoni, nayo hewani huzaa atomu zenye unururifu za risasi-214 na bismathi-214, ambazo hushikamana na vumbi na mawingu. Mvua ya kwanza inazishusha zote chini kwa mara moja. Futa boneti la gari lililonyeshewa hivi karibuni kwa karatasi ya chooni, eneo kama la gazeti lililokunjuliwa, ikunje na uibandike kwenye tyubu. Utaona namba ikiruka. Sasa usiondoke: pima tena baada ya nusu saa, kisha nusu saa nyingine. Itakuwa inapungua karibu nusu kila mara, kwa kuwa nusumaisha (muda wa nusu ya atomu kuvunjika) ya risasi-214 ni dakika 27 na ya bismathi-214 ni dakika 20. Baada ya saa 3 hivi karatasi ni karatasi tu. Ikikataa kushuka, si mvua. Kwa mwalimu hili ni somo la nusumaisha lisilohitaji kibali wala chanzo cha kununua.

*Kimo.* Mionzi kutoka angani huongezeka takriban maradufu kwa kila mita 1,500 hadi 2,000. Moshi mjini ipo mita 800 na kitu, Arusha kama 1,400, kambi ya Horombo mlimani 3,720. Anayepandisha kipimo Kilimanjaro ataona namba ikipanda nayo, na kwenye ndege ya masafa marefu, mita 10,000 juu, hupita µSv/h 1. Hakuna cha kurekebisha.

*Mbolea.* Mwamba wa fosfati wa Minjingu, mashariki mwa Ziwa Manyara, una urani kama fosfati nyingi duniani, na rundo lake huonekana kwenye kipimo. Mbolea ya potashi (MOP) ina potasiamu-40: kilo moja ina karibu bekereli 15,000, kwa sababu kila gramu ya potasiamu hutoa bekereli 31 hivi. Kwa kweli mfuko wa kilo moja wa MOP ni kitu kizuri cha kupimia kama kipimo chako kizima: ubandike ubavuni mwa tyubu, hesabu dakika 10, lazima namba ipande kidogo.

*Mawe na vitu vya karakana.* Tanzanite haina unururifu wa kuzungumzia. Buluu yake hupatikana kwa kuipasha joto, si kwa kuipiga mionzi. Zirkoni huwa na urani na thoriamu kidogo, nayo huonekana. Topazi ya buluu iliyokoza mara nyingi imepigwa mionzi kiwandani, na huachwa ipoe kabla ya kuuzwa. Vile vitambaa vya kuwakia vya karabai za zamani vilikuwa na thoriamu. Fimbo za tungsten za kuchomelea kwa gesi ya agoni zenye ncha nyekundu zina thoriamu asilimia 2: hatari yake haipo kwenye kuzishika bali kwenye vumbi unapozinoa. Noa kwa barakoa na feni ya kutoa hewa nje, au tumia zenye ncha ya rangi nyingine.

"Najua kina mionzi, kipimo hakioni"

Mionzi ina aina kuu tatu: alfa isiyopenya hata karatasi, beta inayopenya kidogo, na gama inayopenya mbali. Tyubu ya chuma kama SBM-20 haioni mionzi ya alfa kamwe. Karatasi inaizuia, sembuse chuma. Ameriki-241 iliyo ndani ya kigundua moshi, bekereli 37,000 au pungufu, hutoa alfa inayosafiri sentimita 4 hivi hewani pamoja na gama dhaifu. Kipimo kitasogea kidogo sana au kisisogee. Si ubovu. Kuona alfa unahitaji tyubu yenye dirisha la maika (madini yaliyochanwa membamba sana), na dirisha hilo hupasuka kwa kuguswa na kidole au ncha ya kalamu. Ondoa kifuniko chake wakati wa kupima tu. Usifungue kigundua moshi ili kujaribu kipimo. Kikiwa kimefungwa hakidhuru mtu. Kikikwaruzwa, vumbi lake likaingia mapafuni, hadithi inabadilika.

"Viwili havikubaliani"

Linganisha mapigo kwanza, si mikrosieverti. Kila aina ya tyubu ina namba yake ya kuzidisha: kwa SBM-20 hutumika mapigo 175 hivi kwa µSv/h 1, kwa M4011 kama 150, kwa J305 kama 123. Kifaa chenye J305 kilichoachwa na namba ya SBM-20 kitasoma theluthi moja pungufu au karibu, na hakuna kipuri cha kubadilisha; ingia kwenye menyu au programu urekebishe.

Pia namba hizo zimekokotolewa kwa gama za nguvu kama za sizi-137. Ukipima beta ya zirkoni kwa tyubu iliyo wazi, ile µSv/h haina maana, hata kama ina desimali tatu. Mapigo yanabaki ya kweli.

Mapigo yakiwa mengi sana, tyubu huanza kupitwa. Baada ya kila pigo inapumzika mikrosekunde 190 hivi bila kuona chochote. Ikisoma mapigo 1,000 kwa sekunde, ukweli ni karibu 1,235. Gawa ulichosoma kwa (1 kutoa ulichosoma mara muda wa kupumzika kwa sekunde) utapata.

Kwa kazi ya kutoa cheti, kama mizigo ya kwenda nje au usalama wa wafanyakazi, usirekebishe mwenyewe. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) ina ofisi na maabara Njiro, Arusha, na huko ndiko kipimo hukalibrishwa, yaani husahihishwa kwa kulinganishwa na chanzo kinachojulikana. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inataka kibali chao pia kwa kumiliki chanzo cha mionzi. Usiagize "chanzo cha kujaribia" mtandaoni kwa kudhani ni mzigo wa kawaida.

Kimepanda kikanyamaza, au kimezidi mara kumi

Mionzi ikiwa mikali mno, tyubu haipati muda wa kupumzika. Mapigo yanabanana, kila moja linakuwa dogo mno kuhesabiwa, na kioo kinaweza kuandika sifuri. Kimya hicho ndicho kibaya kuliko kelele zote. Kwa sababu hiyo kipimo huwashwa mbali, kikiwa kinasoma namba ya nyumbani, ndipo unasogea ukikitazama. Hakiwashwi kwa mara ya kwanza juu ya kitu.

Yadi za vyuma chakavu zizingatie hili kuliko wote. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma waliopata chanzo cha sizi-137 kutoka hospitali iliyoachwa walikifungua, unga wake uking'aa buluu ukagawiwa kama zawadi; watu 4 walikufa na 249 walichafuka. Vyombo vya kushuku ni kopo au silinda ya chuma nzito kuliko umbo lake, kwa kuwa ndani kuna madini ya risasi, yenye alama ya panga tatu nyeusi juu ya njano, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Alama inaweza kuwa imefutika.

Ukipata kimya hicho, au namba inayozidi mara kumi ya ya nyumbani na haishuki, au chombo cha aina hiyo hata kama kipimo kimetulia:

Usikikate, usikipashe moto, usikihamishe, usikifukie. Ondoa watu wote hadi mita 30 na uweke kamba au mawe. Kipimo kinachosoma juu ya µSv/h 100 mahali uliposimama kinakuambia uzidi kurudi nyuma.  Piga 112 kisha ofisi ya TAEC, utaje maneno "chanzo cha mionzi".

Waliogusa wakae pamoja nje ya kamba, wasile, wasivute sigara, wasipanguse uso. Nguo za juu zivuliwe na kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ubaki hapo hapo. Wanawe mikono kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi mpaka ichubuke. Gari lililobeba mzigo lisiondoke wala kuoshwa.

Wakati mnasubiri, andika kwenye karatasi saa, umbali kwa hatua, na namba uliyoisoma kwa kila umbali, ukianzia mbali, pamoja na majina ya waliokishika na kwa muda gani. Hayo ndiyo watakayokuuliza kabla hawajashuka kwenye gari.